Nyuki Asiyekatwa Uzi

Wiki iliyopita niliingia kwenye duka la zawadi hapa Karatu kuwasubiri wageni wangu wamalize kuchagua vinyago, nikatoka na nyuki wa sufu mfukoni. Kazi yangu ni kuwapeleka watalii Kreta kuona wanyama na kuwarudisha, na katika kazi hiyo kitu kinachonishinda ni kusubiri. Wenzangu wakisubiri wanalala kwenye kiti cha dereva, midomo wazi. Mimi nazunguka gari, napiga matairi teke, nafuta kioo nilichokwisha kukifuta, naingia dukani, natoka, naingia tena. Ndivyo nilivyomkuta huyo nyuki kwenye kikapu karibu na mlango, mwili wa njano wenye mistari myeusi, mabawa mawili meupe. Nilimgeuza nikatazama chini yake, pale alipofungiwa. Halafu, bila kujali nani ananiona, nikamnusa.

"Dada, hiyo ni kazi ya kujifunzia tu," binti wa dukani aliniambia. "Mtu akikaa chini, saa moja kamaliza."

Akikaa chini. Mimi ilinichukua karibu masika nzima.

Nyuki huyo alikuwa na harufu ya sufu iliyolowa ikakaukia ndani, karibu na moshi wa kuni, na hiyo ndiyo harufu ya nyumba ya shangazi Paskalina kule Rhotia. Nilipelekwa kwake nikiwa darasa la pili. Baba alinipandisha kwenye basi, begi langu la shule mapajani, akaniambia, "Mama yako anaumwa kidogo. Yuko hospitali. Utakaa kwa shangazi mpaka atakaporuhusiwa." Kuumwa hakukunitisha sana. Kilichonitisha ni lile neno "kidogo", kwa sababu alilisema huku akitazama tairi la basi. Kisha akarudi Mang'ola kwenye vitunguu vyake, nami nikashushwa Rhotia kwenye ukungu na tope jekundu, nikiwa na maswali ambayo hakuna mtu aliyekuwa na mpango wa kuyajibu.

Kuna mambo niliyokuwa nayajua. Baada yangu mama alishapata watoto wawili, na wote walikuja kabla ya wakati wao. Niliwaona kwa mbali tu, kitu kidogo kilichofungwa kwenye kanga, mikononi mwa bibi, kisha sikuwaona tena. Hakuna aliyenieleza. Nilijua kwamba mama alikuwa akilia wakati wa kuosha vyombo, akidhani kelele za sufuria zinamficha. Na nilijua kwamba tumbo lake lilikuwa limeanza tena kuinuka.

Shangazi alikuwa mfumaji. Vitambaa vya makochi karibu vyote vya Rhotia, vile vyeupe vya kuwekea kichwa na mikono, vilitoka kwake, na msimu wa wageni ulipokaribia alikuwa anafuma wadudu wa kuuza kwenye duka la lodge moja huku juu: vipepeo, mende wa madoa, nyuki. Sindano yake ya kufumia ilichongwa na fundi baiskeli kutoka kwenye spoku, na kichwa chake kilikuwa na kindoano kidogo kilichong'aa kwa kushikwa. Nyuzi hakununua dukani. Alikwenda mnadani akachagua masweta ya mtumba, yaliyopasuka viwiko au kuliwa na panya, mradi rangi iwe nzuri. Akifika nyumbani anayafua, anayaanika, kisha anayafumua.

Kufumua ndiyo kazi pekee niliyoipenda tangu siku ya kwanza. Shangazi alikuwa analigeuza sweta, anatafuta mahali lilipofungwa, anakata fundo moja kwa ncha ya mkasi. Halafu anavuta. Mkono mzima wa sweta ulikuwa unayeyuka mbele ya macho yangu, mstari baada ya mstari, trrr, trrr, huku mimi nimenyoosha mikono yote miwili na yeye ananizungushia uzi. Sweta lililofumwa na mashine huko Ulaya, likavaliwa, likavuka bahari, linaisha kabla chai haijapoa. Nilikuwa nacheka kwa raha. "Vuta tena shangazi! Vuta haraka!"

Shangazi aliamua kunifundisha kwa sababu moja tu, kuninyamazisha. Nilikuwa nakimbiza kuku wake, napanda kwenye pipa la maji, nauliza mama atarudi lini asubuhi na kuuliza tena mchana kana kwamba jibu lingebadilika. "Wewe umekalia siafu?" alikuwa ananiuliza. "Njoo hapa. Utafuma nyuki. Nyuki ni yai lenye mistari. Ukiweza yai, umeweza nyuki."

Alinionyesha kitanzi cha kwanza, jinsi ya kuingiza ndoano, kushika uzi, kuuvuta upite. Unazunguka, unaongeza vitanzi mwili upanuke, unabadilisha rangi, njano, nyeusi, njano, halafu unaanza kupunguza. Kabla tundu halijawa dogo unamjaza pamba na vipande vya nguo. Macho ni shanga nyeusi alizonunua kwa akina mama wa Kimasai mnadani. Mwisho kabisa unafunga tundu, unapiga fundo, unakata uzi. Kila shangazi alipokata uzi wa mdudu aliyekamilika alikuwa anampigapiga mgongoni na kusema, "Haya, kazaliwa huyo."

Mimi nilikuwa nafuma vitanzi vichache, naona kitu kimepita dirishani, nainuka, sindano inachomoka, na nikirudi nakuta kazi imefumuka. Uzi wa sufu hauna huruma. Kitanzi kimoja kikiponyoka, ukivuta bila kuangalia, vyote vinakifuata. Shangazi alikuwa anatikisa kichwa na kunianzishia upya.

Siku moja alasiri Mama Safari, jirani yetu wa upande wa kanisani, alikuja kuchambua maharage na shangazi. Mimi nilikuwa barazani na yai langu la njano lililopinda. Walianza kwa Kiswahili, habari za mvua na za shamba, kisha Mama Safari akashusha sauti na wakahamia Kiiraqw. Walinihesabu mtoto wa mjini asiyejua kitu. Walisahau kwamba bibi yangu ndiye aliyenilea mpaka naanza shule, na bibi hakuwa na lugha nyingine ila hiyo.

"Wifi yako anaendeleaje?" Mama Safari aliuliza.

"Yupo. Wamemshona."

"Wamemshona?"

"Kwa uzi, huko chini, ili mtoto asitoke mapema kama wale wengine. Anatakiwa alale tu, asihangaike. Mimba ikikomaa daktari ataukata uzi mwenyewe, mtoto azaliwe."

"Na uzi ukiachia kabla?"

"Mama Safari, tafadhali. Usilitaje hilo."

Niliganda pale barazani na sindano mkononi. Naikumbuka hofu ile mpaka leo. Mtu mzima angesikia habari ya matibabu. Mimi nilisikia habari ya sufu. Kwangu uzi ulikuwa wa aina moja tu, ule unaovutwa na mkono mzima wa sweta ukaisha, trrr. Nilimwona mama yangu amefungwa kwa kitanzi kimoja kilekile kilichokuwa kinaniponyoka mimi kila siku.

Na mama yangu nilimjua. Hakuna mtu aliyekuwa hatulii kama yeye. Alikuwa anafanya usafi wa vyumba kwenye lodge, akirudi anapalilia mahindi, akimaliza anafua, na jioni alikuwa anapika huku anacheza, mwiko mkononi. Ukimwona mama amekaa ujue anafunga viatu. Watu walisema mimi ni yeye mtupu, na mpaka siku ile nilikuwa naona ni sifa.

Basi nikaamua kutulia. Siwezi kueleza vizuri hesabu yangu ilivyokwenda, ila niliamini kwamba mimi na mama tulikuwa kwenye kazi moja. Mimi nikiinuka, na yeye ataingiwa na hamu ya kuinuka. Nikikaa, atalala. Nilikaa kwenye kigoda barazani, miguu nimeibana pamoja, nikafuma. Kuku walipita. Magari ya wageni yalipita kule chini kwenye lami, watoto wakakimbia kuyapungia mikono, na mimi nikabaki. Miguu ilikuwa inawasha kwa ndani, mahali ambapo huwezi kujikuna. Nilikuwa nauma mdomo na kuendelea, ingiza, shika, vuta.

Shangazi alidhani nina malaria. Alinigusa paji la uso, akanipikia uji wenye limau, akanitazama nikiunywa bila kushuka kwenye kigoda. "Mtoto huyu kaingiwa na nini?" alimuuliza Mama Safari. Mama Safari akasema labda nakua.

Kwa namna hiyo nyuki akawa nyuki. Alikuwa na upande mmoja mnene kuliko mwingine, na jicho moja lilikuwa karibu na tumbo, lakini alikuwa na mistari na mabawa. Nilimfunga chini. Shangazi alifurahi kweli, akanyoosha mkono na mkasi. "Haya, sasa kata uzi."

"Hapana!"

Nilipiga kelele mpaka yeye mwenyewe akaruka. Nilimkumbatia nyuki kifuani pamoja na donge zima la uzi wa njano aliloungana nalo. Aliniuliza kwa nini, nikasema sitaki. Akanibembeleza, nikasema sitaki. Ningewezaje kumweleza? Alishakataza hata jambo lenyewe lisitajwe.

Kuanzia hapo nilitembea na nyuki na donge lake. Shuleni nilikuwa nalificha ndani ya sweta, nikawa na tumbo, na wenzangu wakaniita Mama Nyuki. Kwenye ibada ya Jumapili donge liliniponyoka likabingirika chini ya benchi za mbele, nikalifuata kwa magoti wakati watu wanasali. Shangazi aliona aibu, lakini shida yake kubwa ilikuwa ule uzi wenyewe. Alikuwa amepata sweta moja tu la njano ile, na mtu wa lodge alikuwa anakuja kuchukua mzigo wake wa nyuki.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nakunywa chai. Nyuki alikuwa mapajani, donge limeshuka miguuni. Shangazi alipita nyuma yangu akiwa na haraka zake, akainama, na nikasikia mkasi. Kch. Alimchukua nyuki, akakaza fundo vizuri, akampigapiga mgongoni.

"Haya, kazaliwa huyo," akasema, akaondoka na donge.

Sikulia. Nilimtia nyuki ndani ya sweta nikatoka mbio. Nilikuwa na wazo moja tu kichwani, kwamba uzi umekatwa na mtoto hajakomaa, na kwamba nikiwahi daktari anaweza kufunga fundo upya. Niliteremka kile kilima kwa matako zaidi kuliko kwa miguu, tope jekundu mpaka mgongoni. Kwenye lami nikaanza kukimbia kuelekea Karatu katikati ya ukungu, nguo zimelowa, sufu inanuka kifuani.

Baba Neema, mwenye bodaboda aliyekuwa anasali nasi, alinikuta njiani. Alisimama, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"We si mtoto wa kwa Paskalina? Unakwenda wapi hivyo?"

"Hospitali kwa mama. Uzi umekatika."

Sijui alielewa nini. Nadhani alisikia jinsi nilivyolisema. Alivua koti lake akanivisha, akampigia shangazi simu pale pale, nikasikia sauti ya shangazi ikilia kwenye simu, kisha akanipandisha mbele yake na kuondoka.

Hospitalini ilikuwa saa ya ndugu kuingiza uji. Walinipita na chupa zao na vikapu, nami nikaingia katikati ya makanga yao kama mtoto wa mmojawapo. Wodi ilikuwa ndefu. Nilitazama vitanda, kimoja baada ya kingine, nikitafuta mtu aliyelala.

Mama alikuwa amesimama.

Alikuwa karibu na mlango wa pili, amevaa viatu, kanga ameikaza kiunoni, begi lake begani. Nikamwona jinsi alivyokuwa mkubwa tumboni na jinsi alivyosimama kwa miguu miwili tu, bila kushikilia kitu. Nilipiga yowe.

"Kaa chini! Mama, kaa chini! Uzi umekatwa, kaa chini!"

Wodi nzima iligeuka. Mama alikaa, nadhani kwa mshtuko, kwenye kitanda cha mtu mwingine. Nilifika nikamsukuma mabega kwa mikono yangu ya tope alale.

"Umefikaje hapa? Nani kakuleta? Shangazi yuko wapi?"

"Nionyeshe fundo."

"Fundo gani?"

"La mtoto. Daktari alilifunga vizuri? Au aliacha linaning'inia?"

Hapo mama akaelewa. Niliona uso wake ukibadilika, ukataka kucheka, ukashindwa. Alinivuta kifuani na tope langu lote. "Lipo," aliniambia sikioni. "Liko ndani, anaweza kuliona daktari tu. Amelifunga vizuri. Halijaachia."

"Basi usisimame."

"Nimesikia."

"Usisimame kabisa. Mimi nimekaa siku zote. Nilikaa, mama. Na wewe ukae."

Mwanamke wa kitanda cha jirani, mwenye tumbo kubwa kuliko la mama, alijiinua kwa kiwiko. "Mama, umeambiwa," alisema. "Tena umeambiwa na mwenye mamlaka." Wengine wakacheka, na mama akacheka nao huku machozi yanamtoka. Alirudi kitandani kwake nikiwa nimemshika mkono, hatua ndogondogo, mimi nikitazama sakafuni kama kuna uzi unaoburuzika nyuma yake.

Shangazi alifika akihema, kiatu kimoja kimepasuka, amejiandaa kunichapa. Alifungua mdomo. Kisha akaliona begi chini ya kitanda, akavitazama viatu miguuni mwa mama, akamtazama mama. Alimvua mama viatu, akalifungua begi, akaanza kurudisha vitu kwenye kabati dogo la pembeni, kanga, sabuni, kikombe, chanuo. Mama aligeukia ukutani. Mimi nilidhani shangazi anapanga vitu tu, kama anavyopanga nyuzi zake.

Nilishakuwa mtu mzima mama aliponiambia. Alikuwa anaondoka. Hakuna aliyemruhusu. Alikuwa amechoka kulala wakati haumwi popote, mahindi yanamezwa na magugu, mtoto wake yuko kwa watu. "Mgonjwa gani anakula ugali anaongeza?" alijisemea. Asubuhi ile ilimzidi, akafunga begi. Angetoka kwa mlango wa nyuma, angepanda pikipiki, angefika nyumbani na angeshika jembe siku ileile, anajijua. Nilikuwa nampeleka mjini aliponisimulia, na nilisimamisha gari pembeni ya barabara. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikiamini kwamba siku ile nilikosea.

Baada ya siku ile shangazi alikuwa ananipeleka kila Jumapili, na alibeba nyuzi. Mama alisema hawezi kufuma, hana subira hiyo. Nikamwambia nyuki ni yai lenye mistari. Nilimshikia vidole kama nilivyoshikwa mimi, ingiza, shika, vuta. Alikuwa analaani kimoyomoyo, anafumua, anaanza tena, lakini alikuwa amelala. Nyuki wake wa kwanza alifanana na kiazi. Yule jirani wa kitandani naye akataka, na mwenzake, na nesi akaja kulalamika kwamba wodi yake inajaa manyoya, kisha akaomba wa kwake.

Daktari alikata uzi mimba ilipokomaa. Shangazi aliniambia siku hiyohiyo, safari hii kwa Kiswahili, mbele ya Mama Safari, nami sikuuliza chochote, nilikwenda tu kukimbiza kuku mpaka wakapanda juu ya paa.

Tulipoingia wodini mtoto alikuwa amezaliwa. Alikuwa mkubwa, mwekundu, na anapiga mateke kiasi kwamba kanga haikukaa. Nesi alikuwa anamfunga, mtoto anafunguka, anamfunga tena, kijasho kinamtoka. "Huyu hatulii!" alisema. "Mama, msaidie mwanao atulie."

"Mwache," mama akasema. "Kutulia ametulia vya kutosha."